Mdomo wa Kukodi

Mume wangu ni mkalimani. Nikisema hivyo, watu wa hapa Kijenge hutikisa kichwa kama walioelewa, halafu utasikia, "Kwa hiyo anapeleka wazungu mbugani?" Kha! Hapeleki mtu mbugani, hauzi vinyago, si dalali wa viwanja. Anakaa katikati ya watu wasioelewana, anachukua maneno ya huyu anampelekea yule, na ya yule anamrudishia huyu. Kazi hiyo ndiyo imetulisha na kumsomesha binti yetu Nanyori. Na ndiyo hiyohiyo iliyomtupa mume wangu nje ya kwao. Nasimulia mimi kwa sababu yeye hawezi. Mchana kutwa anasema ya wenzake, jioni akirudi anavua viatu, anakaa kimya kama redio iliyoisha betri.

Mimi naitwa Kaanaeli, fundi cherehani, na wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki. Ni Mmeru, kwetu ni kwenye migomba na kahawa huko juu ya Usa River. Yeye ni Gidion Lengai, Mwarusha, kwao ni juu ya Olmotonyi, mtoto wa kwanza wa mzee Lengai. Waarusha wanasema Kimaa, na mimi nilipoolewa sikujua hata neno la kuombea maji ya kunywa. Nimekiokota jikoni kwa mama mkwe, Mungu amlaze pema, kwa kuchekwa kila siku. Mpaka leo nasikia kila kitu, ila nikijibu wanashika mbavu.

Kitu kimoja lazima mkijue, maana bila hicho mtaona tunalilia upepo. Kule kwao mtoto hampi mzee mkono. Anamwinamishia kichwa, mzee anamgusa utosini kwa kiganja, hapo ndipo salamu imefika. Hata uwe na mvi, maadamu baba yako yuko hai, unainama. Baba akikataa kukugusa, basi hujasalimiwa, na asiyesalimiwa na baba yake hana baraka, hawezi kumzika wala kusimama mbele ya ndugu zake na kusema mimi ni wa boma hili. Mume wangu ni mtu mzima, ana tai zake, ana lugha tatu kichwani, na kitu anachokitafuta duniani ni kiganja cha baba yake utosini. Hicho tu. Wala si kikubwa, ukifikiri.

Alianzia kanisani. Usharika wa kwao ulikuwa na urafiki na Wajerumani fulani, waliokuwa wanakuja na magitaa na peremende za watoto. Gidion wakati huo kijana ametoka sekondari, Kiingereza chake amekipata kwa kusoma kamusi huku anachunga. Siku moja aliyezoea kutafsiri hakutokea, mwinjilisti akamsukuma mbele. Akatafsiri hotuba nzima bila kukwama, kutoka Kiingereza kwenda Kimaa, kina mama wakapiga vigelegele. Mzee Lengai alikuwa mzee wa kanisa, amekaa benchi la mbele. Wanasema siku hiyo alitoka nje akamwambia kila mtu, hata waliokuwemo ndani, "Mmemsikia mwanangu?"

Mji wetu huu, mnaujua, ni mji wa mikutano. Gidion akapata mafunzo na wakalimani wakubwa, wale wa kukaa kwenye vibanda vya vioo na vidude masikioni. Akarudi na cheti, na akarudi na sheria moja iliyomkaa kama dini. Mkalimani hasemi "anasema." Mtu akisema "mimi," nawe unasema "mimi." Ukiweka "anasema" umejichomeka katikati, umekuwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu ndiye huharibu mazungumzo ya wawili.

Niliiona sheria ya kijinga tangu siku ile, na nilimwambia.

"Sasa mtu akisema mimi ni mwizi?"

"Nasema, mimi ni mwizi."

"Na polisi wakija?"

"Watajua mwizi ni nani, mama Nanyori."

"Watajulia wapi, na aliyesema ni wewe?"

Akacheka. Enzi hizo alikuwa anacheka.

Hapa Kijenge tulishaonja utamu wa hiyo sheria. Alikuja mgeni kanisani kwetu, mwanamke wa kizungu, akasimama kutoa ushuhuda. Akaongea akilia kwa furaha. Gidion kasimama pembeni, tai shingoni, kitambi mbele, akatangaza kwa sauti kubwa, "Namshukuru Mungu, maana baada ya kungoja sana, sasa nina mimba!" Aisee, kanisa lilivunjika. Mchungaji alijifunika uso na kitabu cha nyimbo. Toka siku hiyo vijana wa mtaani wakamwita Mama Kijacho. Akienda dukani kununua mkate anaulizwa, "Mama Kijacho, tukufungie na udongo?" Yeye anacheka, analipa, anaondoka. Wote walijua mimba ni ya nani, ndiyo maana ikawa mzaha. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikakosea kushona gauni la watu.

Kisha ikaja kampuni ya parachichi. Jina lao silitaji, sitaki kuuchafua mdomo wangu. Ni wageni, walichukua malisho ya juu kule kwao, yale ambayo ng'ombe huyakimbilia wakati wa kiangazi. Walikuwa na karatasi zao na mihuri yao, mambo yalishaisha huko yalikoishia kabla mtu wa kijijini hajaulizwa. Kilichobaki ni kuwaambia. Wakatafuta mtu wa kusema Kimaa na Kiingereza, na Arusha nzima wakaelekezwa kwa Gidion.

Nilimwambia kataa. Nilimwambia waziwazi, tukiwa mezani, "Baba Nanyori, hiyo kazi ina harufu. Kataa."

"Bora niende mimi," akasema. "Wakimpata mbabaishaji atawalainishia maneno. Wazee watadhani wanaombwa ruhusa, kumbe wanaondolewa. Watapiga makofi, watakula pilau, siku wakizinduka uzio umeshasimama. Mimi nitawapa maneno yenyewe, makali yalivyo, wajue wanapigana na nini."

Hiyo ndiyo ilikuwa nia yake. Naapa mbele ya Mungu, ndiyo ilikuwa nia yake. Nikaona simuwezi, nikamwomba kitu kidogo. "Basi weka ejo." Ejo kwa Kimaa ni "anasema." Kineno kifupi hivyo, hata pumzi hakimalizi. "Ejo mzungu, halafu umwage hayo makali yako. Utapungukiwa nini?"

"Nikiweka ejo nitakuwa nakimbia. Watadhani hata mimi sina uhakika na ninachosema."

"Basi wadhani!"

"Kazi ni kazi, mama Nanyori."

Siku ya mkutano tulienda wote, mimi na mtoto tukitaka kumsalimia babu yake. Watu walikusanyika uwanjani mbele ya kanisa, wazee wa rika la mzee Lengai mbele kabisa, na mashuka yao na vigoda vyao. Gidion alipofika alikwenda kwanza kwa baba yake, akainamisha kichwa. Mzee akakiweka kiganja utosini, akakiacha hapo kidogo kuliko kawaida, akamwambia, "Leo tusemee vizuri." Nilikuwa karibu, nilisikia.

Mzungu wa kampuni akasimama. Alikuwa na shingo nyekundu na viatu vya kupandia milima, na alisema mafupi mafupi kama mtu anayeamrisha mbwa. Akimaliza sentensi anamtazama Gidion. Na Gidion anaitoa.

"Nimepewa ardhi hii kihalali," akasema kwa Kimaa, mkono kifuani, palepale alipouweka mzungu. "Nitaizungushia uzio. Mvua za vuli zikianza sitaki kuona ng'ombe hata mmoja ndani yake. Sikuja kuwaomba. Nimekuja kuwaarifu."

Nanu, nanu, nanu. Mimi, mimi, mimi. Jamani, mimi nilikuwa nimekaa upande wa kina mama, na niliona migongo yao ikinyooka. Kwa Kiingereza yale yalikuwa maneno ya mgeni. Kwa Kimaa yalikuwa maneno ya mtoto waliyembeba mgongoni akiwakojolea. Sauti ile waliijua. Ndiyo iliyowasomea barua za watoto wao walioko mbali, ndiyo iliyowaombea harusini. Bibi mmoja jirani yangu akauliza kwa kunong'ona, "Huyu si Gidion wetu?"

Mzee Lengai akanyanyuka. Akauliza kwa upole sana, "Na kiangazi kikija, ng'ombe wetu wataenda wapi?"

Gidion akalipeleka kwa Kiingereza. Mzungu akainua mabega akajibu. Nilimwona mume wangu akimeza mate. Nilijua limekuja baya, na moyoni nikawa napiga kelele, weka ejo, weka ejo, mwanaume wewe, kwa ajili ya Yesu weka ejo. Akamtazama baba yake machoni, maana ndivyo walivyomfundisha, umtazame unayemwambia.

"Hilo halinihusu," akasema.

 Mzee Lengai akakiokota kigoda chake, akaichukua fimbo yake, akaondoka. Wazee wengine wakanyanyuka nyuma yake. Uwanja ukabaki na kampuni, watoto na kina mama. Mzungu alifurahi kwamba mkutano umekuwa mfupi. Akampa Gidion mkono, akautikisa kwa nguvu, na mume wangu aliniambia baadaye alichomwambia: "Hongera, ilikuwa kama nasema mwenyewe." Loo! Hakukosea hata kidogo.

Na kama hiyo haitoshi, palikuwa na Sadoki, mtoto wa baba mdogo, amesimama na simu yake anarekodi. Sijui nani aliikata ile video, yeye anaruka kimanga mpaka leo, lakini ilipofika kwenye magrupu mzungu hayumo. Hayumo kabisa! Yumo Gidion peke yake, mkono kifuani, anasema sitaki kuona ng'ombe, sikuja kuwaomba, hilo halinihusu. Chini wameandika, "Msomi wetu huyu hapa." Ilishuka mlimani ikafika Kijenge kabla hatujaivisha chakula cha jioni. Mama Kijacho ikafa palepale, ikazaliwa Mzee wa Uzio, na hiyo hakuna aliyeisema akicheka. Nanyori alirudi kutoka shule analia, wamemwambia baba yake ni mzungu mweusi. Nilikwenda mpaka kwa mama wa huyo mtoto aliyesema, nikamshushia maneno ambayo mkalimani yeyote angekimbia.

Uzio ukasimama. Kiangazi kikaja kama kinavyokuja, ng'ombe wakabaki mbavu, wengi wakaishia mnadani. Vijana waliokata waya wakakamatwa. Kila kilichotokea walimtwika Gidion. Na wala hawakumtukana, hapo ndipo penye sumu. Waliacha kumtaja. Kimila kule jina la aliyekufa halitamkwi, na wao wakaliacha jina lake namna hiyo. Nikifika naitwa mama Nanyori, naletewa maziwa kwenye kibuyu, mtoto anaulizwa habari za masomo, mzee ananigusa kichwa na kunipa baraka zote. Ila mume wangu hayumo katika maneno yao. Krismasi tulikwenda wote, Gidion akainamisha kichwa mbele ya baba yake, na mzee akawa anamtazama ndama. Kichwa kikainama weee, mpaka mimi nikamshika mkono mume wangu nikamwondoa.

Kimaa changu ni kibovu, lakini nilikivaa hivyohivyo nikaenda kumkabili mzee peke yangu. Nilimkuta anamenya maharage.

"Baba, aliyesema ni mzungu."

"Alisema nini?"

"Yale ya uzio, baba."

"Wewe ulimsikia?"

"Alisema kwa Kiingereza."

"Mimi sijui Kiingereza," akasema, bila hasira hata chembe. "Mzungu nilimwona anapiga kelele, sikumsikia akisema kitu. Aliyeniambia ng'ombe wangu hawamhusu ni mwanangu, kwa lugha niliyomfundisha mimi."

"Ni kazi yake, baba. Alikodiwa."

"Najua alikodiwa. Si mjinga mimi, mama Nanyori. Kuna vitu havikodishwi."

 Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nakasirika. Nilirudi Kijenge nikammalizia hasira Gidion, nikamwambia kineno kile kimoja kingekuua? Akaniambia niliwapa ukweli wote, sikupunguza, sikuongeza. Nikamwambia ukweli gani huo wa kukutoa kwenu? Akavua viatu akakaa. Toka hapo akaacha kazi za makampuni, akaingia hospitali moja ya misheni, kuwatafsiria madaktari wa nje na wagonjwa wa Kimaa. Kila mwezi alipanda kwao, akainamisha kichwa, akashuka nacho.

Mwaka huu mzee akapata kidonda mguuni. Ana kisukari, na alikuwa anakificha. Mimi ndiye niliyekigundua kwa harufu, nikawa napanda kukiosha, na kila nikipanda naona kimepiga hatua. Nilimbembeleza aende hospitali, akakataa kwa sababu alijua nani yuko pale. Nikamwambia basi nitakaa hapa na cherehani yangu mpaka uoze wote, nikuzike mimi, Mmeru, kwa nyimbo za Kimeru. Hapo akacheka kidogo. Akakubali.

Pale hospitali palikuwa na muuguzi, Nalepo, ambaye naye anajua Kimaa na Kiingereza. Nilimtegemea yeye. Tunafika, tunaambiwa yuko likizo ya uzazi. Kiswahili cha mzee ni cha mnadani, ng'ombe na bei, ukimwambia mfupa na mshipa unampoteza, na daktari wa miguu alikuwa dada wa kutoka Denmaki, mpole, bado mgeni hata kwa Kiswahili. Kwa hiyo nani aingie? Gidion akaingia. Alipomwona baba yake kwenye kile kiti cha magurudumu alikwenda moja kwa moja akainamisha kichwa. Mzee akatazama ukuta. Watu kwenye foleni wakawa wanaangalia.

Halafu mzee akaniuliza mimi, "Huyu daktari ana mdomo?"

"Anao, baba." Nikamwonyesha Gidion.

"Mdomo sigombani nao. Useme."

Gidion akanitazama. Niliona macho yake yamepata uhai, maana baada ya muda wote ule baba yake amekubali kumsikiliza, hata kama ni kama mdomo. Mimi pia nilipata tumaini, sitaki kudanganya. Tukaingia chumbani kwa daktari, mlango ukafungwa, tukawa sisi wanne.

Daktari akafungua bandeji, akaangalia, akasema. Na Gidion akaanza, "Ejo daktari..."

Alikiweka! Ile dini yake aliivunja pale mbele ya macho yangu. "Ejo daktari, kidonda kimeingia mpaka kwenye mfupa."

Mzee akainua mkono. "Hiyo ejo imetoka wapi? Siku ile haikuwepo." Alikuwa anatazama ukuta bado. "Sema kama ulivyosema siku ile. Kama hutaki, naenda nyumbani."

Daktari akauliza kama kuna tatizo, Gidion akamjibu hakuna. Akavuta pumzi, akamgeukia baba yake.

"Nataka kukukata mguu," akamwambia.

"Usipoukata?"

"Kidonda kitakuua."

"Utaukatia wapi?"

"Hapa, chini ya goti."

"Kata," mzee akasema.

Daktari yule, masikini, alikuwa na moyo mzuri. Alishaambiwa kuwa huku jambo zito haliamuliwi na mgonjwa peke yake, mtoto mkubwa lazima asikie. Akasogeza kiti karibu na mzee, akauliza kwa upole. Niliokota maneno mawili matatu ya Kiingereza, nikajua swali kabla halijatafsiriwa, nikashika ukingo wa meza.

Gidion alichelewa. Daktari akamtazama. Kisha akapiga goti moja chini ili macho yake na ya baba yake yawe sawa, akauliza kwa Kimaa, "Una mtoto wa kwanza wa kiume? Ningependa kuzungumza naye."

Walikuwa wanauliza wawili hapo. Daktari hakujua, lakini mzee alijua, na mimi nilijua. Nikaomba moyoni, Mungu wa Meru, Mungu wa Waarusha, yeyote aliye karibu, mwinue mzee huyu mkono wake. Kichwa kile pale, amekipigia goti, umbali wa kiganja tu.

Mzee alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano alimtazama usoni, na akamtazama muda mrefu.

"Nilikuwa naye," akasema. "Alikufa. Kwetu aliyekufa hatumtaji jina."

Nikangoja Gidion ageuze, aseme chochote, amwambie daktari mzee amechoka, amechanganyikiwa, aje kesho. Daktari asingejua maisha yake yote. Lakini mume wangu hajawahi kupunguza wala kuongeza. Akainuka, akasema kwa Kiingereza, polepole, hata mimi nikaelewa. Nilikuwa naye. Alikufa. Kwetu aliyekufa hatumtaji jina.

Daktari akaweka mkono kwenye bega la mzee, macho yamemlowa.

"Nakupa pole," Gidion akamwambia baba yake, "kwa kufiwa na mwanao."

"Ashe," mzee akajibu. Asante. Na Gidion akampelekea daktari hiyo asante.

Kisha daktari akanitazama mimi, akauliza mimi ni nani.

"Ni mke wake," mzee akasema, na sauti yake ikalainika. "Ananiosha kidonda, ananipikia. Kama kuna la kuzungumza, azungumze na yeye."

Gidion akatafsiri. Daktari akanyanyuka, akaja mpaka nilipokaa, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya moto. Akasema maneno yake kwa huruma ya kweli kabisa, na mume wangu akanigeukia, akanitazama machoni kama walivyomfundisha, akasema kwa Kiswahili:

"Pole sana, mama, kwa kufiwa na mume wako."

Mimi, Kaanaeli, nisiye na breki. Nilikuwa na maneno ya kuujaza mlima mzima, ya kumpasua mzee, na daktari, na huyu mwanaume aliyesimama mbele yangu anapumua. Lakini mguu ulikuwa uko wazi pale kwenye kiti, umeoza, na namjua baba mkwe wangu. Ningefumbua mdomo kusema huyu hapa ndiye, angeshuka akaondoka nao mpaka Olmotonyi akafie huko. Gidion alilijua hilo pia. Alikuwa ananiomba kwa macho nisiseme, na hilo ndilo neno pekee lililokuwa lake mwenyewe siku ile.

"Asante," nikamjibu mume wangu. "Nimeshapoa."

Akamgeukia daktari, akaitafsiri.